Adhabu Kali Imwangukie Aliyekosa

Tarehe 25 Februari 1987, vijana wa timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Southern Methodist, mjini Dallas, Texas, waliambiwa hawana msimu. Hawakukatwa pointi wala kutozwa faini. Msimu mzima wa 1987 ulifutwa. Msimu wa 1988 waliachiwa mechi chache za ugenini, na chuo chenyewe, kikiona hakina tena wachezaji wa kuunda timu, kikaufuta huo nao. Juu ya hayo kilinyang'anywa nafasi 55 za ufadhili wa masomo katika miaka minne. Wamarekani waliiita hukumu hiyo adhabu ya kifo, na jina likashika.

Karibu miaka 40 imepita, na chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, NCAA, bado hakijaamua ni nani hasa anayepaswa kuumia timu inapovunja kanuni. Sisi hatuna ugomvi na ukali. Rushwa, udanganyifu na kuficha maovu vinastahili adhabu inayouma. Tunachokipinga ni ukali unaowashukia vijana waliobaki uwanjani wakati makocha, wakuu wa vyuo na matajiri waliotoa bahasha wamekwisha kuondoka na chao mkononi.

Kwa msomaji asiyeufuata mchezo huu: si soka. Ni ule wa kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili. Vyuo vikuu ndivyo vinavyoulea, na watu hujaa viwanjani. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake unapokea zaidi ya watazamaji 100,000. Ligi ya kulipwa, NFL, haina timu zake za vijana. Huchota wachezaji vyuoni. Kijana hupewa misimu minne ya kuchezea chuo, basi. Ukimfutia mmoja umemla robo ya maisha yake ya mchezo, na ukimfutia miwili umemla nusu. Kocha anaweza kungoja miaka kumi akarudi kazini. Kijana wa miaka 20 hana pa kungojea.

Hata kwetu jambo hili si la mbali kama linavyoonekana. Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alikimbia kwa jezi ya chuo cha El Paso, huko huko Texas. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Wote wawili waliishi chini ya kitabu hicho hicho cha kanuni za NCAA, na vijana wetu wengine bado wanapanda ndege kwenda kusoma kwa miguu yao. Nafasi za ufadhili zinapokatwa, kinachokatwa ni kiti cha darasani cha mtoto ambaye mara nyingi nyumbani kwao hakuna karo.

Turudi Dallas, maana kesi ile ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote.

Timu ya Southern Methodist ilikuwa moto mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1982, ikiwa na mkimbiaji Eric Dickerson, ilimaliza msimu bila kupoteza mechi hata moja na kushika nafasi ya pili nchini. Chuo ni kidogo na cha kanisa la Methodisti, mji ni wa matajiri wa mafuta na majumba, na matajiri hao walitaka timu yao iwapige wakubwa wa Texas. Wakafungua mifuko. Chuo kilikwisha kuadhibiwa zaidi ya mara moja, na mwaka 1985 kikawekwa tena chini ya uangalizi kwa miaka mitatu. Mwaka huo huo vyuo vya NCAA vilikutana New Orleans na kupitisha kanuni mpya kwa kura nyingi: anayerudia kosa kubwa ndani ya miaka mitano anaweza kufungiwa mchezo wenyewe. Kwa hiyo onyo lilikuwepo, tena limeandikwa.

Malipo hayakukoma. Novemba 1986 mchezaji wa zamani, David Stanley, alimwambia Dale Hansen wa kituo cha televisheni cha WFAA kwamba alipewa dola 25,000 ili asaini, na baada ya hapo fedha za kila mwezi. Hansen akaenda na bahasha hadi idara ya michezo ya chuo, akaiweka mbele ya mtumishi aliyeshughulikia usajili wa wachezaji. Yule bwana akakiri kwamba mwandiko ni wake. Alipotambua swali linaelekea wapi, akaanza kusitasita, kamera ikiwa inaendelea kurekodi. Bahasha moja ya karatasi ikaangusha jengo zima.

Uchunguzi wa NCAA ulikuta kwamba wachezaji 13 walilipwa jumla ya dola 61,000 kutoka mfuko wa siri wa mfadhili mmoja, katika miaka ya 1985 na 1986. Na hapa ndipo palipo kiini cha jambo. Mwezi Machi 1987 gavana wa Texas, Bill Clements, ambaye kabla ya kurudi ikulu ya jimbo alikuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo hicho, alisema hadharani kwamba baadhi ya wajumbe wa bodi walijua. Walikaa, wakajadili, wakaamua malipo yaendelee kwa wale waliokwisha kuahidiwa mpaka wamalize masomo yao. Watu wazima, wenye vyeo, wenye wanasheria, wakiwa na barua ya onyo mezani, walichagua kufunika kombe mwanaharamu apite.

Nani akalipa? Clements aliendelea kuwa gavana hadi Januari 1991. Wachezaji, hata wale ambao hawakupewa senti, waliamka asubuhi na kukuta makocha wa vyuo vingine wamejaa kampasini, kila mmoja akigombea kuwachukua. Waliokuwa na jina walipata pa kwenda. Wale wa kawaida, wanaokaa benchi na kutegemea ufadhili ili wapate shahada, walichagua kati ya kuhama ovyo na kubaki kwenye timu isiyokuwepo.

Timu ilirudi mwaka 1989 ikiwa na watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili, wembamba, wakipangwa dhidi ya wanaume. Ilihamia kwenye uwanja wake wa zamani wa kampasini, Ownby, uliojengwa miaka ya 1920. Mwezi Septemba iliifunga Connecticut 31–30 baada ya kuwa nyuma sana, na watu waliokuwepo wanaikumbuka siku ile mpaka leo. Mwezi uliofuata ikaenda Houston ikapigwa 95–21. Somo la kupigwa 95 lilikuwa la nani? Hakuna hata mmoja kati ya vijana wale aliyekaa kwenye kikao cha bodi. Wengi wao walikuwa bado sekondari bahasha zilipokuwa zikizunguka.

Chuo hicho hakikucheza tena mechi ya heshima ya mwisho wa msimu, zile waziitazo bowl, hadi Desemba 2009. Katika miongo miwili iliyofuata adhabu kilimaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo mara moja tu, mwaka 1997.

Kuna wanaosema: vizuri, hivyo ndivyo inavyotakiwa, wengine waogope. Hoja hiyo tunaiheshimu, na hatusemi kwamba chuo kile kilionewa. Taasisi iliyoonywa ikaendelea ilistahili kutikiswa. Lakini tuangalie kama woga ulikuja kweli. Tangu 1987 NCAA haijathubutu tena kuifungia kabisa timu ya futiboli ya daraja la juu. Ilipotumia adhabu hiyo tena, mwaka 2003, iliitumia kwa timu ya soka ya Chuo cha Morehouse, Atlanta, chuo cha kihistoria cha wanaume weusi, kwa sababu ya wachezaji wawili waliozaliwa Nigeria ambao walikuwa wamewahi kuchezea timu ya kulipwa. Misimu miwili ikafutwa. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya timu ya tenisi ya MacMurray, chuo kidogo cha Illinois. Panga lililonolewa kwa ajili ya fahali wa Texas likaishia kuchinja kuku.

Na wakubwa wakaendelea. Adhabu ikiwa nzito kiasi kwamba hakimu mwenyewe anaogopa kuitoa, mkosaji mwenye nguvu haogopi tena. Anajua haitamfika.

Hapo katikati NCAA ikashika njia nyingine: kuzuia timu isicheze mechi za mwisho wa msimu, kukata nafasi za ufadhili, na kufuta ushindi uliopita kwenye vitabu. Ni nyepesi kuliko adhabu ya kifo, lakini shabaha ni ile ile.

Chukua Chuo Kikuu cha Southern California. Familia ya nyota wake, Reggie Bush, ilipokea nyumba ya kuishi na mambo mengine kutoka kwa watu waliotaka kuwa mawakala wake, miaka ya 2004 na 2005. Hukumu ilitoka Juni 2010. Bush alikuwa amekwisha kuingia NFL tangu 2006. Kocha wake, Pete Carroll, alihamia Seattle miezi mitano kabla ya hukumu, na NCAA haikumpa adhabu yoyote. Februari 2014 alinyanyua kombe la Super Bowl. Walioachwa Los Angeles ndio waliofungiwa mechi za mwisho wa msimu kwa miaka miwili na kukatiwa nafasi 30.

Mwaka 2011 vijana hao walishinda mechi 10 na kupoteza 2. Mechi ya mwisho waliwapiga majirani zao wa UCLA 50–0. Hamsini kwa sifuri! Wiki iliyofuata UCLA, wenye ushindi 6 na vipigo 6, wakaenda kucheza fainali ya kanda kwa sababu Southern California hawakuruhusiwa. Mchezaji wa mwaka wa kwanza katika timu ile alikuwa na umri wa kama miaka 12 kosa lilipotendeka.

Ohio State, mwaka ule ule, ni mfano unaotuchoma zaidi. Wachezaji watano waligundulika wameuza vitu vyao wenyewe, jezi, pete za ubingwa na zawadi walizopewa, kwa ajili ya kuchorwa tatuu na fedha kidogo. Walifungiwa mechi tano. Kocha mkuu, Jim Tressel, alikuwa ameambiwa kwa baruapepe tangu Aprili 2010. Septemba akasaini fomu ya NCAA inayosema hajui kosa lolote. Ni karatasi moja, na sahihi ni yake. Alijiuzulu Mei 2011 na baadaye akapewa zuio la miaka mitano, maana yake chuo chochote kitakachomwajiri ukocha katika muda huo lazima kijieleze mbele ya NCAA. Timu ya 2012, chini ya kocha mpya, ilishinda mechi zote 12 na haikuruhusiwa kucheza ya 13. Tressel alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha Youngstown State kuanzia 2014, na tangu Februari 2025 ni naibu gavana wa Ohio. Hatumwonei wivu, na binadamu ana haki ya kuanza upya. Tunauliza tu kwa nini mlango wa kuanza upya ulikuwa mpana kwa mtu mzima aliyesaini uongo, na mwembamba kwa kijana wa mwaka wa nne ambaye 2012 ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Penn State tunaitenga, kwa sababu pale hapakuwa na habari ya bahasha. Jerry Sandusky, aliyekuwa kocha msaidizi, alitiwa hatiani Juni 2012 kwa makosa 45 ya kudhulumu watoto kingono. Mwezi uliofuata NCAA ikaitoza Penn State dola milioni 60, ikaifungia mechi za mwisho wa msimu kwa miaka minne, ikakata ufadhili, na kufuta ushindi 112, karibu wote wa kocha Joe Paterno, ambaye alikwisha kufariki. Haikufanya uchunguzi wake yenyewe. Ilitegemea ripoti ambayo chuo kilimlipia mkurugenzi wa zamani wa FBI, Louis Freeh, aiandae.

Hakuna kombe wala msimu wa futiboli unaopimwa na mtoto mmoja aliyedhulumiwa. Ndiyo maana tunasema adhabu ile ilikosea mahali. Kesi za namna hii ni za polisi, waendesha mashtaka na mahakama, na mahakama ndiyo iliyowafikia wahusika kwa majina: Sandusky yuko gerezani, na viongozi watatu wa chuo, akiwamo rais wake wa zamani, Graham Spanier, walitiwa hatiani mwaka 2017 kwa kuhatarisha usalama wa watoto. Dola milioni 60 zilikuwa na maana kwa sababu zililengwa kwenye kuwalinda watoto. Lakini kumzuia mlinzi wa pembeni mwenye miaka 19 asicheze mwezi Januari hakukumrudishia mtoto yeyote chochote.

Waliobaki Penn State msimu ule walivaa jezi zenye majina yao mgongoni, jambo ambalo timu hiyo haikuwahi kulifanya katika historia yake yote. Kocha mpya, Bill O'Brien, alitaka watu wawajue walioamua kutokimbia. Walishinda mechi 8 kati ya 12. Miaka miwili baadaye NCAA yenyewe ikaondoa kifungo, na Januari 2015 ikarudisha ushindi wote 112 baada ya kuburuzwa mahakamani na seneta wa jimbo. Adhabu iliyotolewa kwa haraka ikarudishwa kimyakimya, na kwa miaka ile miwili vijana ndio walioilipia.

Sasa tazama fedha, kwa sababu fedha ndizo zinazoonyesha jinsi mzani ulivyopinda. Julai 2023 NCAA iliihukumu Tennessee kwa makosa zaidi ya 200, ambapo watumishi wa timu chini ya kocha Jeremy Pruitt walitumia kiasi cha dola 60,000 kuwavutia vijana na familia zao. Ni karibu sawasawa na zile 61,000 za Dallas. Mwaka 1987 kiasi hicho kilizika timu. Mwaka 2023 kilizaa faini ya dola milioni 8, kupunguziwa ufadhili, na zuio la miaka sita kwa Pruitt, wala timu haikufungiwa mechi hata moja. Mwaka mmoja kabla ya hapo vyuo vilikuwa vimepitisha katiba mpya ya chama inayotaka adhabu zisiwaguse wasiohusika, kadiri iwezekanavyo. Tunaipongeza. Ni hatua ya haki, ingawa imechelewa kwa kizazi kizima.

Na lililo kubwa zaidi, kosa lenyewe limegeuka kuwa biashara halali. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake. Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu kila chuo kuwagawia wachezaji wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, pamoja na dola bilioni 2.8 za kuwafidia waliocheza zamani bila malipo. Waliokuwa wakiwindwa kwa kuuza pete sasa wana mawakala na mikataba. Bush alirudishiwa Heisman, tuzo yake ya mchezaji bora wa vyuo aliyokuwa ameipoteza kwa kashfa ile, mwezi Aprili 2024. Southern Methodist imeingia kanda kubwa ya ACC kwa kukubali kukaa miaka tisa bila mgawo wa fedha za televisheni, matajiri wake wakiziba pengo hadharani, na msimu wake wa kwanza huko ikafika mchujo wa ubingwa wa taifa. Mifuko iliyoizika ndiyo iliyoinunulia tiketi ya kurudi.

Mtu asije akadhani basi kanuni hazina kazi tena. Zina kazi kuliko zamani, kwa sababu sasa fedha ni nyingi na zinapita mchana kweupe. Tume mpya ya michezo ya vyuo iliyoundwa kutokana na makubaliano yale inatakiwa kusimamia viwango vya malipo na kuchuja mikataba. Itawakuta wadanganyifu, tena wengi. Itawafanya nini?

Hukumu ya Michigan ya Agosti 2025 inaonyesha njia, na inaonyesha pia shimo lililobaki. Mtumishi wa timu hiyo aliendesha mtandao wa watu walionunua tiketi, wakakaa majukwaani na kurekodi ishara za makocha wa timu ambazo Michigan ilikuwa itakutana nazo. Kanuni inakataza. Katika kipindi hicho Michigan ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2023. Kamati ya NCAA ilisema wazi kwamba kosa lilistahili kuifungia timu mechi za mwisho wa msimu, lakini kufanya hivyo kungewaadhibu wachezaji wa sasa ambao hawakuhusika. Badala yake ikatoza faini inayokadiriwa kufika makumi ya mamilioni ya dola, ikiwemo kiasi kinacholingana na mapato ya mechi hizo kwa misimu miwili. Kocha wa wakati ule, Jim Harbaugh, akapewa zuio la miaka kumi.

Hadi hapo sawa. Kamati ilimtazama kijana asiyehusika, ikamwacha acheze. Lakini zuio la Harbaugh linaanza 2028, baada ya jingine la miaka minne kumalizika, na yeye aliondoka Michigan Januari 2024, wiki chache baada ya kubeba kombe, kwenda kuifundisha Chargers ya NFL. Zuio la vyuo haliigusi NFL. Faini nayo inatoka kwenye mfuko wa idara ya michezo ya chuo, ule ule unaowalisha waogeleaji, wakimbiaji na wasichana wa voliboli. Kombe limebaki kabatini. Mkubwa ameponea pale pale walipoponea wenzake.

Ndiyo maana tunataka mambo yafuatayo, na tunayasema bila kuzungusha. Mkataba wa kocha mkuu uwe na kifungu kwamba bonasi alizopata kwa misimu iliyothibitishwa kuwa na udanganyifu zitarudishwa, kutoka mfukoni kwake na si kwa chuo. Vyuo vinajua kuandika mikataba. Vinaandika ya kumlipa kocha mamilioni hata vinapomfukuza. Mjumbe wa bodi au mkuu wa chuo anayebainika kujua na kunyamaza aondoke kwenye wadhifa, na jina lake litajwe kwenye hukumu kama la kocha linavyotajwa. Mfadhili anayevunja kanuni anyimwe viti, vibali na mlango wa vyumba vya timu, maana hicho ndicho anachokinunua kwa fedha zake.

Kesi ziende mbio. Southern California walingoja takriban miaka mitano kutoka kosa hadi hukumu, na muda wote huo kizazi cha waliokosa kilipita na kingine kikaingia. Kesi isiyoweza kuamuliwa ndani ya miaka miwili haitamkuta aliyeitenda. Itamkuta mdogo wake. Kama uchunguzi unahitaji watu zaidi, waajiriwe. Fedha zipo, kila mtu anaziona kwenye televisheni kila Jumamosi.

Kufungia timu kubaki kwa hali moja tu: pale uovu unapoendelea, viongozi wamegoma kuuzuia, na hakuna njia nyingine ya kuukata. Dallas mwaka 1987 ilikaribia hapo. Lakini hata hapo ufadhili wa kila kijana ulindwe mpaka apate shahada yake, abaki au ahame, na mwaka alioupoteza usihesabiwe katika minne yake.

La mwisho linaihusu NFL. Ligi hiyo hupenda kusema haihusiki na adhabu za vyuo. Haikusema hivyo mwaka 2011. Terrelle Pryor, mmoja wa wale watano wa Ohio State, alipoacha chuo na kuomba kuingia ligi, kamishna Roger Goodell alimfungia mechi tano za kwanza, idadi ile ile aliyokuwa ameikimbia chuoni. Pryor alikuwa na miaka 22. Goodell bado ni kamishna, na kanuni aliyoitumia kwa kijana aliyeuza pete yake aitumie kwa makocha pia: anayehama vyuoni huku kesi ikimfuata, mechi zake za adhabu azitumikie NFL kabla hajasimama pembeni ya uwanja na kipaza sauti kichwani.